Baada ya Kuchomoa Plagi

Kila asubuhi mpimaji wa programu alifuta vumbi mezani, akawasha kompyuta ya majaribio, akaiamuru iandike faili moja baada ya jingine, kisha, maandishi yakiwa bado njiani, akachomoa plagi ukutani. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wenzake walimwita Dada Giza, naye aliitika.

Kosa alilofuatilia lilikuwa kwenye kiini cha mfumo, kule chini ambako programu nyingine zote huegemea. Programu ikiuliza, "Umehifadhi?" kiini kilijibu, "Nimehifadhi," na kumbe hakuna kilichofika kwenye diski. Umeme ukikatika hapo, faili lilibaki jina tu, ndani halina kitu. Huo ni uongo wa mchana kweupe, na zahanati zote zilikuwa zikitumia mfumo huo. Kwenye zahanati moja daktari aliandika kwamba kaka yake Dada Giza asidungwe sindano fulani. Umeme ukakatika. Kesho yake muuguzi alifungua faili, hakuona katazo lolote, akamdunga, naye akafa.

Basi plagi ilipochomolewa, kaka alikuja. Aliketi kando ya feni akiwa pungufu kwa kadiri ya kilichopotea: siku nyingine hana mkono wa kushoto, siku nyingine hana masikio, na hapo dada yake alimwandikia kiganjani. Mfagiaji alimwomba ainue miguu, akaiinua. Kompyuta ikiwashwa tena, alikwenda zake.

"Mama hajambo?" kaka aliuliza kila alipokuja.

"Hajambo, goti tu. Anapanda ngazi kama msichana."

"Mkanye."

"Mkanye wewe kifungua mimba. Mimi ananiambia bado sijakua."

Jioni salamu zilifika nyumbani, na mama alizipokea.

Siku moja mhandisi waliyemwita Kiraka alileta marekebisho. Sasa kiini kingesubiri diski ijibu, ndipo nacho kijibu.

"Kikipita kwako, dada, kinakwenda zahanati zote."

"Na mafaili yaliyokwisha kupotea? Tutawaambia wayakague?"

Kiraka alitazama viatu vyake. "Meneja kasema tuandike 'maboresho madogo'. Yaliyopita si ndwele, kasema."

"Aliyezikwa si wake."

Kiraka hakubisha. Alikuwa mtu mwema, ila mwoga.

Kabla ya kuweka marekebisho, Dada Giza alichomoa plagi mara moja zaidi kwenye mfumo wa zamani. Kaka alikuja, safari hii amekosa vidole tu.

"Kisipopotea kitu, hutakuja," alimwambia.

"Ndivyo."

"Naweza kusema kimefeli. Hakuna atakayejua."

"Wewe? Hata karata ulikuwa huwezi kuiba." Alicheka. "Zahanati kuna watoto wa watu, mdogo wangu. Washa mashine."

Akaiwasha. Akaweka marekebisho, akaanza kuandika, akachomoa. Kando ya feni hapakuwa na mtu. Alipowasha tena, mafaili yote yalikuwa yamejaa. Alirudia asubuhi nzima na mchana kutwa, akichomoa mapema, akichomoa kwa kuchelewa, akichomoa bila kutazama. Aliomba jaribio lifeli. Aliomba kwa moyo wake wote, wala hakuona haya. Kiraka alimletea chai, ikapoa. Halikufeli, naye akaandika kwamba limefaulu.

Marekebisho yalitumwa kabla ofisi haijafungwa, na zahanati zikasoma kwenye vioo vyao: maboresho madogo. Hakuna aliyeambiwa afungue mafaili ya zamani. Meneja aliwashukuru wote kwa kujituma.

Nyumbani mama alikuwa akianua nguo. Dada Giza alipokea upande mmoja wa shuka, wakaikunja pamoja.

"Kaka yako kasemaje leo?"

"Hatakuja tena, Mama. Lile kosa limerekebishwa."

Mama aliishika shuka kifuani bila kuiweka chini.

"Kumbe lilikuwa linarekebishika," alisema.