Mabote ya Prefe

Mtu akishamvalisha mbwa viatu, jirani zake hawahitaji tena kumsengenya, maana kazi amewamalizia. Papa Apollinaire wa Ngungu alilijua hilo kabla hajaanza kukata, na bado akakata. Alichukua mabote yake ya mpira, yale yaliyopasuka kisigino, akayakata kwa kisu cha jikoni cha mke wake bila kuomba ruhusa, akayashona kwa uzi wa gunia, akapata vibote vinne vya kumfikia mbwa karibu na magoti. Akamvalisha Prefe, akarudi nyuma kidogo kutazama kazi yake. Mbwa alisimama kama meza, miguu imekakamaa, hathubutu kuinua hata mmoja.

"Atazoea," Apollinaire alimwambia mke wake.

Mama Emérita alimwangalia mbwa, akamwangalia mume, akauliza kisu chake kiko wapi.

Chanzo cha yote kilikuwa nyoka. Nyoka alitoka kwenye mabua ya maharage kwa jirani yao Sébastien, akamuuma mbwa wa watu, na mbwa akafa wakati wenyewe bado wanabishana alikuwa nyoka wa aina gani. Apollinaire alikwenda kutoa pole. Tangu hapo akaanza vita na nyoka. Alimwaga petroli kuzunguka nyumba hadi sombe ya Emérita, mboga yake ya majani ya muhogo, ikawa na harufu ya garage. Akapanda vitunguu saumu mlangoni, kwa kuwa alisikia nyoka hawavipendi. Kuku walivipenda sana. Ndipo akafikia kwenye mabote.

Sasa usimcheke bado, utamcheka vizuri mbele. Prefe hakuwa mbwa wake. Alikuwa wa binti yao Kétsia, ndiye aliyemlea na kumpa jina hilo, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikagua kila anayeingia uani kama prefe, mkuu wa shule, anayetafuta waliochelewa. Kétsia aliolewa na mfanyabiashara wa upande wa Butembo, wakahamia Hombo, akamwacha mbwa kwa baba yake kwa sababu kule malori ni mengi. Halafu, msimu wa mvua uliopita, Kétsia alijifungua mtoto, na mtoto hakulia. Walimzika kulekule Hombo. Barabara ilikuwa imekatika, wazazi hawakufika.

Tangu siku hiyo simu zake zilikuwa ngumu. Ndiyo, papa. Hapana, papa. Tunamshukuru Mungu, papa. Kisha kimya, hadi unadhani reseau ya simu imekatika. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamfungua mdomo, nacho ni Prefe: amekula nini, amemfukuza nani, bado analala juu ya gunia la viazi? Basi kila Jumapili baada ya misa Apollinaire alipanda na mbwa nyuma ya kanisa, mahali simu inaposhika, akamsimulia Kétsia habari za mbwa. Mwanzoni aliona aibu, mtu mzima mwenye mvi kutoa ripoti ya mbwa. Baadaye aliishi kwa ajili ya hiyo ripoti. Mbwa huyu akifa, alijiuliza, mimi na mtoto wangu tutaongea nini? Swali hilo lilimtia hofu kweli kweli, na hakumwambia mtu, hata Emérita.

Prefe alizoea mabote. Akatembea nayo majanini kwenye malisho, akapita nayo kwenye shamba lililolala, na Apollinaire akaanza kujiona mvumbuzi. Alikuwa tayari anafikiria kutengeneza mengine kwa ajili ya mbwa wa kilima kizima, mradi watu wamletee mabote yaliyochoka.

Kisha mbwa akaanza kuchechemea.

Mguu wa mbele wa kuume ulikuwa umevimba kati ya vidole, na pale palikuwa na kidonda kidogo chenye damu. Prefe alikilamba bila kupumzika. Apollinaire alivua kibote, akakitundika uani kwenye ua wa matete, akapiga magoti, akatazama, na kwa sauti ya daktari akasema ni nyoka.

Emérita aliuliza nyoka huyo aliingia wapi, na mbwa amevaa mpira hadi magotini. Lilikuwa swali zuri. Mtu mwenye akili angelibaki nalo kidogo. Apollinaire alimjibu kwamba nyoka wa siku hizi ni wajanja, wanapitia juu.

Lakini mumwelewe naye. Jiwe jeusi la kilima kile, la kuvuta sumu ya nyoka, lilikuwa mikononi mwake. Marehemu mama yake alilipata kwa masista zamani, akamwachia yeye, na mtu akiumwa na nyoka watu walikuwa wanakimbia kwa Apollinaire. Siku hiyo hata wale wasiomsalimia walimwita Papa. Jiwe lina kanuni zake, na alizijua kama Baba Yetu: unachanja kidogo kwa wembe, damu inatoka, unaweka jiwe, linanata lenyewe na kuvuta sumu. Hulitoi. Likimaliza kazi linaanguka. Ukilitoa mapema, sumu inarudi moyoni na mgonjwa anakufa. Kisha unalichemsha katika maziwa, na maziwa unayamwaga mbali. Tatizo ni kwamba mwaka ule hakuna aliyeumwa, na mtu mwenye dawa bila mgonjwa anaweza kuona nyoka hata ndani ya kikombe cha chai.

Akachanja, akaweka. Jiwe likanata.

"Linavuta," alisema, na jirani waliokuja kutazama wakaitikia kwamba linavuta. Sébastien, aliyepoteza mbwa wake bila jiwe, alitingisha kichwa kwa uchungu. Apollinaire alimhurumia, kisha akampa somo refu juu ya hatari ya kulitoa jiwe kabla ya wakati. Lilikuwa somo zuri, lenye mifano.

Jiwe lilivuta leo, likavuta kesho, likaendelea. Mguu ukawa kama kiazi kitamu. Prefe akakataa ugali, akakataa hata mifupa, akalala juu ya gunia lake bila kumkagua yeyote. Emérita alisema polepole kwamba huenda ni mwiba tu, wazee walisema mdharau mwiba guu huota tende. Apollinaire akakasirika. Mwiba upite wapi? Sumu ilikuwa nyingi, jiwe lilikuwa bado linafanya kazi, wampe nafasi. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, maana moyoni alikuwa ameshaanza kuogopa.

Jumapili ikafika. Alipanda nyuma ya kanisa bila mbwa. Kétsia aliuliza Prefe yuko wapi, naye akajibu yuko hapa hapa, anakimbiza mbuzi.

"Nisikilishe sauti yake, papa."

Hapo mtu mkweli angelisema ukweli. Apollinaire aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka mkono juu ya rozari iliyokuwa mfukoni, akabweka. Mara mbili. Kwaya ya akina mama ilikuwa inatoka kwa mlango wa nyuma na ngoma yao, ikasimama yote.

"Prefe iko na mafua?" Kétsia aliuliza.

"Kidogo," alijibu.

Hakurudi kwa barabara. Kwa uso gani? Alikata katikati ya malisho, kwenye majani marefu, akijitukana kila hatua. Mficha maradhi kifo humuumbua, alijikumbusha, na yeye ameyaficha kwa kubweka. Alipofika nyumbani Emérita alimzuia mlangoni. Suruali yake ya misa ilikuwa imejaa mbegu za majani, zile nyembamba zenye ncha mbele na mikia nyuma, na Emérita alikuwa amefagia.

"Njo unataka kupanda malisho ndani ya nyumba? Ikala hapo inje, uzitoshe zote."

Akakaa kwenye benchi, akazing'oa moja moja. Moja ilikuwa imepita kwenye soksi, imeingia kati ya vidole vya mguu. Akaivuta kwa mkia, ikakataa, nywele zake ndogo zikashika. Akaisukuma kidogo mbele, ikateleza bila shida yoyote, ikamchoma hadi machozi. Mdudu gani huyu, asiyejua kurudi nyuma? Alipoitoa hatimaye, kidonda kidogo chenye damu kilibaki kati ya vidole vyake.

Alikitazama kidonda kile kwa muda mrefu. Kisha akainuka na mguu mmoja mtupu, akaenda kwenye ua, akashusha kibote alichokuwa amekitundika, akakipindua na kukikung'uta.

Zikamwagika mbegu, konzi nzima. Mdomo wa kibote ulikuwa umezikusanya majanini kama kikapu, na kila hatua ya mbwa ilikuwa imezisukuma chini. Mpira aliokata mwenyewe, kwa kisu cha kuiba, kwa mapenzi yake yote. Angemwacha Prefe miguu mitupu, kama Mungu alivyompanga, mbwa angezitoa kwa meno yake. Apollinaire alijiita mjinga kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kifaransa ili iwe rasmi.

Lakini kujua ni kitu kimoja. Jiwe lilikuwa bado limenata, juu ya kidonda, limekifunga kama kizibo. Na kama amekosea tena? Kama kweli alikuwa nyoka, basi kulitoa ni kumuua Prefe kwa mkono wake. Aliiamini kanuni ile. Hakuwa ameitunga kwa ajili ya kujivuna tu. Watu walikuwa wameshafika uani kutoka misa, wengine kumwona mgonjwa, wengine, alijua, kumwona yule anayebweka. Alipoomba maji ya moto na chumvi, Sébastien alimshika mkono akamwomba asithubutu. Alimkumbusha somo lote, mfano kwa mfano. Hakusahau hata mmoja.

"Na kama iko nyoka?" Emérita aliuliza.

"Basi mimi njo nitakuwa nimemuua. Shika kichwa chake."

Akamwagia maji ya vuguvugu, akasubiri, akaliinua jiwe kwa ukucha. Jiwe likatoka na ngozi kidogo, na nyuma yake ukatoka usaha, mwingi, na harufu iliyowarudisha watu nyuma. Akaminya. Prefe akalia kilio kimoja kirefu. Ndani ya usaha kulikuwa na mbegu mbili, nyeusi, mikia yake bado mizima.

Sébastien aliuliza, kwa heshima, kama jiwe bado linapaswa kuchemshwa katika maziwa. Apollinaire alimwambia alichemshe yeye, na maziwa akitaka anywe.

Mbwa hakufa. Walimwosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, naye akaanza kwa kunywa maji, halafu mchuzi, halafu akamkagua shemasi aliyekuja kutembea. Sasa Apollinaire angeweza kunyamaza. Hombo ni mbali, na kwaya haina simu ya Kétsia. Alipanga kunyamaza, akapanga vizuri kabisa, na Jumapili akapanda nyuma ya kanisa na Prefe akichechemea miguu mitupu, na binti yake alipopokea kwa ile sauti yake ya ndiyo, papa, mpango wote ukamtoka.

"Kétsia, ile siku haikuwa Prefe. Ni mimi nilibweka."

Alidhani reseau imekatika. Kisha akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu msimu wa mvua uliopita: mtoto wake anacheka. Alicheka hadi akakohoa, akamwomba arudie. Apollinaire akarudia, akaongeza kwaya na ngoma. Akamweleza petroli, kuku waliokula vitunguu, mabote, somo kwa Sébastien. Palipokosa ujinga wa kutosha akaongeza wa kwake. Alijiuza bei ya chini kabisa, na kila alivyojishusha ndivyo Kétsia alivyocheka, na yeye moyo ukamjaa furaha.

Halafu kicheko kikabadilika. Apollinaire alisikia kinavyovunjika, akaacha kusimulia. Kétsia alikuwa analia, na alilia muda mrefu, na baba yake alisimama tu na simu sikioni.

"Papa," Kétsia alisema, "mutoto alikuwa na miguu ya Mama. Ileile. Hakuna mutu aliniulizaka alifanana na nani."

Apollinaire, mwenye dawa ya kila kitu, aliketi chini kwenye majani.

"Na vidole je?" akauliza.

Kétsia akaanza kumwambia.