Kofia ya Toledo Kichwani mwa Kendrell

Sijawahi kuzimia maishani mwangu, lakini Alhamisi ile nilikaribia kuzimia mara mbili kabla chai yangu haijapoa. Ya kwanza ilikuwa ya furaha. Ya pili nitaieleza.

Ya kwanza ilikuja pale Wendell Askew, meneja mkuu wa timu yetu ya Toledo, alipoinuka kitini, akaenda kwenye ubao na kugonga kibandiko chenye jina la Kendrell Tolliver. Akasema, "Huyu. Basi. Corrine, mpigie."

Nilimtazama kama mtu aliyeongea Kichina. Mimi ni skauti. Kazi yangu ni kuzunguka Alabama, Mississippi na Georgia, nikila vyakula vya vituo vya mafuta na kulala kwenye vyumba vyenye harufu ya sigara za watu wengine, nikitafuta vijana wa vyuo wanaoweza kucheza mpira wetu huu wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Nimeifanya kazi hii mpaka nimepata mvi. Na katika miaka yote hiyo, nikipendekeza mtu, wakubwa hutikisa kichwa kwa heshima, kisha humchagua mwingine.

Kila Aprili ligi inazipanga timu, iliyovurunda zaidi inaanza kuchagua vijana hao wa vyuo, na mwaka huo sisi tulikuwa tumevurunda vya kutosha kupewa nafasi ya tatu. Nafasi ya tatu si mchezo. Ukikosea pale, mashabiki wanakuimba miaka kumi.

Wawili wa kwanza walikwisha kwenda. Kwenye ubao wetu yalibaki majina mawili ya kugombaniwa. Mmoja ni Oleksy, jitu la Wisconsin ambalo likisimama mlangoni mwanga unapungua. Kazi yake ni kusimama kushoto kwa mrushaji mpira na kumkinga na wanaokuja kumvunja mbavu kutoka upande asiouona. Nafasi hiyo inalipwa vizuri kuliko karibu zote. Wa pili ni Kendrell wangu. Yeye ni mlinzi wa mwisho, anayesimama nyuma ya wenzake wote, na akipitwa yeye hakuna mwingine. Nafasi hiyo hailipwi sana, na hakuna anayeichagua mapema. Ndivyo ulivyo ulimwengu wetu.

Ellis, bwana wa takwimu, alikuwa ametuhubiria wiki nzima.

"Kipaji sibishi," alisema tena siku ile. "Tolliver ndiye bora kuliko wote, hata hao wawili waliokwenda. Lakini walinzi wa mwisho wazuri unawapata hata raundi ya tatu. Majitu ya kushoto hayapatikani. Ukimkosa leo umemkosa mpaka mwakani."

"Na Oleksy akiwa wa kawaida tu?"

"Wa kawaida wa pale ana faida kuliko mzuri wa kule nyuma."

"Kwa hiyo tunanunua kiti, si anayekikalia."

"Bi Corrine, wewe unapenda mtu. Mimi napenda kushinda."

"Na mimi napenda nini, Ellis? Kufungwa?"

Watu walicheka, Ellis naye akacheka, maana si mtu mbaya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona Kendrell misimu mitatu. Nilimwona siku moja ya mvua, mrushaji akitazama kulia, uwanja mzima umehamia kulia, na Kendrell peke yake anakimbia kushoto. Nikajisemea, mtoto huyu amechanganyikiwa. Mpira ukarushwa kushoto ukamkuta anausubiri. Niliurudia mkanda wa video wa mechi ile usiku kucha kutafuta amejuaje, na mpaka leo sijui.

Sasa Wendell naye, watu walikuwa wamesahau, alicheza nafasi hiyohiyo ujanani. Alichaguliwa raundi ya mwisho kabisa, ukumbi ukikaribia kufagiwa, akacheza miaka tisa na magoti yakaishia huko. Nadhani ndiyo maana aliutazama ubao muda mrefu vile. Mwenye timu, Mzee Garrity, alikuwa ameshuka chini kula soseji na wadhamini, na mkataba wa Wendell ulikuwa unaisha mwaka huohuo. Alijua anachokifanya. Akagonga kibandiko.

Kwetu Toledo kuna desturi: anayempigia kijana ni skauti aliyemgundua, na anapiga kwa simu ya mezani, ile nyeusi ya zamani, kwa sababu mama yake Garrity, mwanzilishi wa timu, aliitumia. Unampigia kabla karatasi ya jina haijakabidhiwa mezani kwa ligi, ili kuhakikisha ni mzima, hajavunjika mguu bafuni. Lile neno lenyewe, kwamba amechaguliwa, unalibana mpaka karatasi iende.

"Kendrell? Ni Bi Corrine wa Toledo."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hujaumia? Hujalewa? Hujakamatwa?"

"Niko sebuleni kwa bibi, mama. Ameninyima hata soda."

Nilimtazama Wendell. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto. "Mwambie," akasema. "Mwambie sasa hivi, dada. Nataka kusikia."

Nami nikasema. "Basi karibu kwetu, mwanangu. Wewe ni wa Toledo."

Nilichosikia hakikuwa kelele, kilikuwa nyumba inang'oka. Ligi ilikuwa imeweka kamera katika sebule ile ya Demopolis, Alabama, na kwenye televisheni yetu ukutani tukawaona wakiruka. Mjomba mmoja alimbeba shangazi. Binamu akalifukua sanduku la kofia ambalo ligi humpelekea kila kijana, kofia ya kila timu, akaitoa ya kwetu ya kijani na kumvika Kendrell kichwani. Mimi machozi yakanitoka mbele ya wanaume kumi na sikujali.

Bibi yake akanyang'anya simu. "Corrine! Wewe si ndiye uliyekuja kula kuku wangu?"

"Ndiye mimi, Bi Earline."

"Nilijua! Niliwaambia, mtu aliyerudia sahani mara tatu hawezi kuja kutudanganya. Mungu akubariki. Haya, nampa mwenyewe. Kendrell, shika, na usimkatie simu. Mtu mzima ndiye anayeaga kwanza, unanisikia?"

"Ndiyo, bibi."

Wendell alikuwa tayari ameshika simu yake ya mkononi, akiongea na mtu wetu aliyeko kwenye ukumbi wa ligi ili aandike karatasi. Saa ukutani, inayohesabu dakika ambazo ligi huipa kila timu kuchagua, ilikuwa bado ina muda. Mlango ukafunguliwa.

Mzee Garrity aliingia na kitambaa cha soseji bado shingoni. "Nani?"

"Tolliver," Wendell akasema.

"Yule wa nyuma?"

Niliuweka mkono wa simu mezani nikasimama. Nilidhani natetea kazi yangu ya miaka mitatu, kwa hiyo niliuweka tu, haraka, bila kufikiri. "Bosi, ndiye mchezaji bora kuliko wote. Hata Ellis anakubali."

"Sijauliza nani bora. Nimeuliza anacheza wapi." Alizungumza kwa sauti ile yake ya kuongea na watu wa mbali. "Mlinzi wa mwisho, namba tatu! Nimetoka kuwaahidi wadhamini jitu la kumlinda mrushaji wetu, nirudi niwaambie nimewaletea mlinzi wa geti? Hiyo ni kununua kufuli la dhahabu ukafungia banda la kuku. Vijana wa nyuma wamejaa tele, unawaokota barabarani. Karatasi imekwenda?"

"Bado."

"Basi haijakwenda."

"Bosi," Wendell akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "tumeshampigia."

"Umempigia, hujamwoa. Mpigie tena mwambie umekosea namba."

Wawili watatu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na sitawataja, wana watoto. Wendell aliitazama saa, akamtazama Garrity, kisha akaitazama simu mkononi mwake kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la mnada. Nikajisemea, kataa. Kataa, Wendell, mwaka mmoja wa mkataba ni nini? Akairudisha simu sikioni.

"Futa," akamwambia mtu wa ukumbini. "Andika Oleksy."

Nilishindwa kumtazama. Nikainua macho kwenye televisheni, juu ya kichwa cha Garrity.

Sebule ya Demopolis ilikuwa bado inacheza. Shangazi anapepea leso, binamu wamepandana migongoni, Bi Earline ameinua mikono yote miwili. Na katikati yao Kendrell amesimama wima, kofia yetu ya kijani kichwani, simu sikioni, hatikisiki. Hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa ameinamisha macho kama mtu anayepewa taarifa ya msiba na hataki wengine wajue bado.

Niliutazama mkono wa simu pale mezani. Ulikuwa umelala chali, sehemu ya kuongelea ikimwelekea Mzee Garrity.

Nilikufa ganzi. Hiyo ndiyo mara ya pili niliyosema. Nilishika ukingo wa meza nisianguke. Ellis aliona ninachokiona, akaweka mikono kichwani. Kisha mmoja mmoja chumba kizima kikageukia televisheni, kikageukia simu.

Garrity peke yake hakuelewa. "Kwa nini yule mtoto amevaa kofia yetu?"

Alipoufuata mtazamo wetu na kuiona simu, alinyoosha mkono kuirudisha mahali pake. Niliiwahi. Nadhani nilimpiga kidogo mkononi, na sijaomba radhi.

"Kendrell."

"Ndiyo, mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Tangu wapi?"

"Tangu kufuli."

"Hujakosea kitu, mwanangu. Hakuna ulichokosea."

"Ndiyo, mama. Najua. Ni mahali ninaposimama." Alivuta pumzi. "Bi Corrine, naomba unyamaze kidogo. Wanataka kusoma jina, na bibi bado anacheza. Sijui nimwambieje."

Hakuwahi kumwambia. Mtu wa ligi alipanda jukwaani na kulisoma jina la Oleksy kutoka Wisconsin, na nchi nzima ikaitazama sebule ile kwa sababu kamera, kwa ukatili wake, haikuhama. Mjomba alibaki mdomo wazi, shangazi bado yuko mikononi mwake. Katika simu nilimsikia Bi Earline akiuliza polepole, "Kwani kuna Toledo ngapi?"

Kendrell aliivua kofia. Hakuitupa. Aliipangusa vumbi ambalo haikuwa nalo, akamrudishia binamu yake, na binamu akairudisha sandukuni kati ya nyingine.

"Kata simu, mwanangu," nikamwambia. "Kata, wengine wanakutafuta."

"Siwezi, mama. Hujaaga."

Na kweli wengine walikuwa wanamtafuta. Nafasi ya nne ilikuwa ya Louisville, walio kundi moja na sisi, na wale hawakuhitaji dakika zao. Nikaisikia simu nyingine ikilia ndani ya sebule, ya wakala wake, na mtu akapiga ukelele: Louisville! Louisville!

"Bi Corrine," Kendrell akasema, "Louisville si mnacheza nao?"

"Mara mbili kila msimu."

"Vizuri. Mwambie mzee wako asihangaike kunitafuta siku hiyo. Nitakuwa kule nyuma, palepale." Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo. "Samahani, mama, naitwa. Bibi, shika hii, ni Bi Corrine, bado hajaaga."

Kwenye televisheni nilimwona akienda kwenye simu ile nyingine, na kofia nyekundu ikitoka sandukuni. Nilimwona Bi Earline akiipokea simu yangu kwa mikono miwili na kuiweka sikioni. Wendell alikuwa amekuja kusimama karibu nami. Alitaka aisikie sauti ya bibi, au aseme kitu, sijui. Nilimpa mgongo.

"Corrine," bibi akasema.

"Ndiyo, Bi Earline."

"Kuku wangu ulimla?"

"Nilimla, mama."

"Ukashiba?"

"Nikashiba."

Nilisubiri aseme lingine. Nilimtazama kwenye televisheni, mwanamke mzima mwenye gauni lake la kanisani, ameshika simu, anaifikiria. Kisha akaishusha kutoka sikioni, akakata, bila kuaga.