Mwiko wa Darasani

Mwalimu wa darasa la wazazi wapya aliweka mwiko wa mbao mezani, akasema kanuni ni moja tu: anayeushika ndiye anayesema, mwenzake anasikiliza. Dobi wa hoteli alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Mume wake, mwoka mikate, aliushika kwa mikono miwili, akakaa kimya hadi kipindi kikaisha.

Masomo yalipokwisha, kila nyumba ilipewa mwiko wake. Dobi alilisikitikia lile darasa la kila Jumamosi, maana ni siku hizo tu walizokuwa wakionana uso kwa uso. Yeye hutoka alfajiri, mume hurudi asubuhi. Yeye hurudi jioni, mume keshaondoka. Katikati mtoto hushikwa na bibi wa chumba cha pili. Alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mume wake, na hilo lilimtisha kuliko njaa.

Jioni moja aliushika mwiko akoroge uji.

"Mke wangu," mwiko ukasema kwa sauti ya mwoka mikate, "pole na kazi. Mtoto kaota jino la chini. Usinicheke, lakini nimelia."

Dobi alipunguza moto asikie vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kama walivyofundishwa, moyo umemjaa. Kisha naye akasema yake, akauegemeza mwiko ukutani ili mume aushike asubuhi. Ikawa hivyo kila siku.

"Huyu mumeo akiwa na mdomo hasemi," bibi alisema. "Kapewa mti, hanyamazi. Na uji unachelewa."

Mwalimu alikuja kuwatembelea. Akausikia mwiko, akavua miwani, machozi yakimlengalenga.

"Ndoa yenu imesimama imara. Sina la kuongeza."

"Tunaomba utusemee kazini, mwalimu. Angalau zamu zetu zikutane."

"Hilo, mama, halimo kwenye masomo."

Kesho yake dobi alirudi, akaushika mwiko.

"Mke wangu, leo nilitaka kukwambia..."

Kisha kukoroma. Usingizi ulikuwa umemchukua mume akiwa ameushika. Dobi alizima jiko, akamlaza mtoto, akauweka mwiko kwenye mto, upande wa mume wake. Hawakuwa wamelala pamoja tangu mtoto azaliwe. Alijibana ukutani ampe nafasi, na kabla hajasinzia, akamfunika.