Ngozi Mbichi

Mwanangu Aizirek alianza kuchechemea msimu wa matikiti. Mama mkwe wangu, Batma, akasema nyonga imeteguka, akamwita Topchubai, muunga mifupa wa mtaa wetu hapa mjini Osh. Topchubai alijichokonoa meno, na kwa vidole hivyohivyo akamkanda mtoto mafuta ya mkia wa kondoo. Kisha akamfunga nyongani ngozi mbichi ya kondoo, upande wa nyama ndani.

“Isifunguliwe mpaka nirudi.”

Kwa joto lile, ngozi ikavunda. Maji ya kahawia yakamtiririka mtoto mapajani, nzi wakatujaa. Nilimlisha nimebana pua, kisha nikatoka kutapika.

“Mama, mtoto anaoza!”

“Kinachooza ni ugonjwa,” akajibu Batma, akitema maganda ya alizeti. “Tangu lini pua yako ikawa ya malkia?”

Topchubai aliporudi hakufungua. Akafinya juu ya ngozi kwa nguvu zake zote. Nikasikia ko! Aizirek akapiga yowe, akazirai. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikamwita jirani mwenye gari.

Hospitalini, Daktari Saikal alikata ngozi ile kwa mkasi. Funza wakamwagika shukani. Muuguzi akatoka mbio, mkono mdomoni. Baada ya kupiga picha ya eksirei, daktari akanionyesha shingo ya mfupa wa paja: tundu kubwa, ukuta wake mwembamba kama ganda la yai, umepasuka.

“Saratani?”

“Sidhani. Unaonekana uvimbe wa maji, huwapata watoto. Tutapima kipande tuhakikishe. Mfupa ulishabaki ganda, dada, na mtu kaufinya.”

Wakamsafisha, wakauvuta mguu kwa uzito wa kuning'inizwa mpaka vidonda vilivyoachwa na ile ngozi vikauke. Ndipo wakalikwangua tundu, wakalijaza vipande vya mfupa, wakakaza kwa skrubu. Maabara ikathibitisha: si saratani. Nikalia mpaka kwikwi.

Batma akaja na supu.

“Umeona? Ngozi iliulainisha mfupa, daktari akakuta kazi nyepesi.”

“Mama, usimguse. Kanawe kwanza.”

“Mikono yangu ina nini?”

Nilimshika kiwiko, nikampeleka bombani, nikafungulia maji.

Sasa Aizirek anatembea, mguu mmoja mfupi kidogo. Batma namtilia chai, namwitikia kwa adabu, kama mke wa mwana anavyopaswa. Lakini akimpapasa mtoto kichwani, kinyaa kinanipanda hadi kooni, nami nameza mate.