Kado ya Fundi Jephté

Clarisse alimwambia Jephté mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza mikate: "Pandisha mfumo, lakini usifute kitu. Usiformate!" Jephté, fundi wa mashini za kompyuta pale mtaa wa Birere, akajibu, "Hakuna shida, mama," huku akifungua mashini ya mwingine.

Hakuna shida! Mafundi hawa, mashini ikikohoa kidogo tu, wanaformata, wanafuta diski nzima. Ikichelewa kuwaka, wanaformata. Na njia nyingine ipo, Clarisse aliijua: unaweka mfumo mpya juu ya wa zamani, unachagua kubakiza vitu vyako, unangoja. Kungoja tu, jamani! Ndani ya mashini yake mlikuwa na nyimbo za korali, kwaya yao ya Kibumba, zilizorekodiwa kabla vita haijawatawanya waimbaji, na sauti ya Onésime, mume wake, ndiyo iliyoongoza. Onésime alikuwa amezikwa. Simu iliyorekodi iliporwa njiani, nakala nyingine hakuna. Alileta mashini kwa sababu programu ya kufungulia nyimbo ilikuwa imeanza kuukataa mfumo wa zamani.

Aliporudi, mashini iliwaka upesi. Akafungua sehemu ya nyimbo, akazikuta tele. Akabofya ya kwanza: watu asiowajua. Ya pili, hivyo hivyo.

"Nyimbo zangu ziko wapi?"

"Kupandisha kulikuwa kunachelewa, courant ya umeme ingekatika," Jephté alisema, akitabasamu. "Nikaformata tu. Lakini nimekuwekea korali kubwa kubwa, na mafilamu mengi. Ni kado, mama, zawadi ya bure."

"Kado?" Damu ilimpanda Clarisse kichwani. Akapiga meza kofi, bisibisi zikaruka. "Umefuta sauti ya bwana yangu, unanipa kado? Mutu gani wewe!"

"Pardon, mama. Sikujua..."

"Nilikuambia! Ulitaka kujua nini tena?"

Tabasamu likamtoka Jephté. "Vilivyofutwa wakati mwingine vinarudi," alisema upesi, "kama hakuna kitu kimewekwa juu yake." Kisha akaitazama diski.

"Na wewe uliweka nini juu yake?"

"Mafilamu, mama. Na nyimbo. Niliijaza yote."

Clarisse akaisukumia mashini kwa fundi. Kwenye mashini, ile korali ya wageni ilikuwa bado inaimba.

"Toa hizo nyimbo zako," akasema. "Zote. Sitaki mutu mwingine aimbe humo."