Mnazi Wako, Mnazi Wangu

Mke wangu Mwajabu hakuacha mtoto. Nusu ya shamba lake la minazi hapa Temeke ikawa yangu, nusu ya kaka yake, Jabiri. Alikufa kwa homa mwaka wa thelathini na nane, njiani, kwa kuwa barabara ya hospitali ilikuwa tope tupu. Wenye serikali hutengeneza zile wanazopita wao.

Mie na Jabiri tuligawana kama walivyogawana wazee wetu, mti kwa mti. Wangu tuliupiga chokaa, unaofuata wake tukauacha, hivyo hivyo shamba zima. Hakuna aliyepata bonde lenye maji peke yake, wala kichanga cha juu peke yake. Kokote utakakotandika mkeka, utakuta kivuli changu na chake.

Ndipo akaja karani wa ardhi, Audax, na mnyororo wa kupimia.

"Mpaka uko wapi?"

"Kila mahali," nikamjibu. "Tandika mkeka popote, tupo wote wawili."

Akacheka. "Na nikitandika msala, mzee?"

Msala hutosha chini ya mnazi mmoja, na mnazi mmoja una mwenyewe mmoja.

"Na kaburi lile la nani?"

"La mke wangu."

"La dada yangu," Jabiri akadakia.

Minazi mia na arobaini tuliigawa bila kukwaruzana. Kaburi lilikuwa moja. Hulipigi chokaa upande.

Audax akasema serikali inataka mstari. Bila mstari hakuna hati, na bila hati shamba linachukuliwa. Akauchora palepale kwenye karatasi: bondeni minazi tisini, kichangani hamsini na kaburi.

"Chagua wewe, shemeji," Jabiri akasema, macho chini. Ana watoto sita. Bonde alilihitaji, na kaburi alilitaka.

Nikatia dole gumba kichangani.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nang'oa magugu kaburini nikasikia, "Hodi!"

Jabiri alikuwa amesimama nyuma ya kigingi cha serikali, ubani mkononi. Miaka yote hiyo hatujapigiana hodi ndani ya shamba hili. Akapiga tena.

"Hodi, shemeji."

"Pita, bwana. Pita."

Akakiruka kigingi upesi upesi, kama mtu anayeingia kuiba.