Mguu wa Kwanza

Koleo lilikuwa limeshauma waya mwekundu, lakini mkono wangu ulikataa kubana. Ulikuwa waya wa kaka yangu. Aliulehemu mwenyewe, kwa bonge nene la risasi, maana marehemu hakujua kufanya kitu kwa kiasi.

"Ukiona tabu, iache," alisema shemeji yangu, mjane wake, kutoka kwenye kiti cha wateja.

Miaka mingi imepita na bado nauona ule mchana. Amplifaya aliyoiunda kaka ilikuwa mezani, imepinduliwa tumbo juu. Taa zake mbili za kutolea sauti, zile chupa za kioo zinazowaka kama makaa, zilikuwa zimekufa, na za aina ile madukani hazikuonekana tena. Shemeji aliniletea za aina nyingine. Nikamuuliza amezitoa wapi.

"Amezitafuta yeye," alisema, akainamisha macho.

Huyo "yeye" nilimjua. Alitaka kumuoa, na shemeji alikuwa amegoma kumjibu mpaka mimi niseme neno. Nami nilikuwa nikijifanya nimebanwa na kazi. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Niliona kama kaka anazikwa mara ya pili.

"Kwani haziingii?" akauliza.

"Zinaingia. Hapo ndipo penye hatari."

Nikamwonyesha. Soketi ni ileile, miguu ni minane ileile. Ila kwenye taa ya zamani mguu wa kwanza haukuwa na kazi yoyote, basi kaka akautumia kupumzishia waya wa umeme mkali. Kwenye taa mpya mguu huohuo una kazi. Ukiichomeka hivihivi, umeiua.

"Kwa hiyo kazi ya marehemu lazima ikatwe," akasema.

"Waya mmoja kila soketi, na rezista za hapa, hivi vidude vya kupunguzia umeme. Mengine yote yanabaki."

Akauliza, "Na mimi je? Nikiolewa, utaniita nani?"

Nikabana koleo.

Nilizihamisha nyaya, nikaunga miguu ya kwanza panapostahili, nikabadilisha rezista. Taa mpya zinakula umeme zaidi, lakini transfoma aliyonunua kaka ilikuwa kubwa kupita mahitaji, ikaubeba mzigo bila kuchemka. Sauti ikatoka, nzito, pana. Haikuwa ile tuliyoizoea. Shemeji alilia, nami nikalia bila kuona haya.

"Mwambie aje," nikasema.

Alikuja Jumapili, wameongozana na shemeji yangu. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka likakakamaa. Alisimama mlangoni hajui aanzie wapi, nami nikangoja kuitwa fundi, kama wanavyoniita wote.

"Shemeji," akasema, "habari za hapa?"

Hivyo ndivyo mtu anavyomwita kaka wa mkewe.

"Nzuri," nikasema. Kisha nikamtazama yule aliyesimama nyuma yake. "Dada, mbona mnasimama nje? Piteni ndani."